Jinsi ya kuanzisha mfuko wa vencha utakaoinua eneo lenu, sio ule unaozikwa pamoja na gavana

Uchaguzi ukikaribia lazima mtu apande jukwaani aahidi "mfuko wa kuinua biashara za vijana", na ukiuchungulia ndani unakuta ni mkopo ule ule. Hii nawaandikia watu wa kaunti na jumuiya za kaunti, viongozi wa sacco, na ndugu zetu walioko Muscat na Dubai ambao wamechoka kutuma hela zinazoishia kwenye saruji na mabati. Mifano yangu mingi ni ya Pwani ya Kenya manake ndiko ninakokujua, ila ukiwa Mwanza au Kisumu au Bujumbura hesabu ni zile zile, sheria tu ndizo zinabadilika.

Kwanza tutenganishe mkopo na vencha. Mkopo unalipa upate faida usipate, tena kila mwezi, tena mara nyingi na dhamana juu. Mfuko wa vencha unanunua hisa, yaani unaingia ndani ya biashara kama mwenye mali mwenzako, ikifa mmekufa wote, ikipaa mnagawana. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya uliozinduliwa Novemba 2022, ulianza kwa kumkopesha mtu binafsi shilingi 500 mpaka 50,000, na kule Tanzania halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni mambo mazuri, mama wa mboga anapumua, sina ugomvi nayo. Lakini hakuna mtambo wa kukamua mafuta ya nazi unaonunuliwa kwa elfu hamsini, na benki nayo haikupi milioni nane bila shamba lenye hati, na huku kwetu tunajua habari za hati zilivyo. Hapo katikati ndipo vencha inaingia.

Jua unatibu nini

Watu wengi wanadhani vencha ilizaliwa California kwa ajili ya vijana wa kompyuta. Sio kweli. Kampuni ya kwanza ya namna hii iliyokusanya hela za umma wa kawaida, American Research and Development Corporation, ilianzishwa Boston mwaka 1946 na shida yake ilikuwa ya kimkoa kabisa: viwanda vya nguo vya New England vilikuwa vinafungwa au kuhamia majimbo ya kusini kwenye vibarua wa bei ya chini, na miji mizima ikawa inabaki na majengo matupu. Waliokaa chini ni Ralph Flanders aliyekuwa rais wa benki kuu tawi la Boston, Karl Compton rais wa chuo cha MIT, na profesa mmoja wa Harvard mzaliwa wa Ufaransa, Georges Doriot, ambaye ndiye aliyeendesha kazi. Wakajiuliza sisi tuna nini ambacho wengine hawana? Jibu likawa maabara na mainjinia waliotoka vitani, basi hela ikaenda huko.

Mwaka 1957 wakaweka dola 70,000 za hisa kwa mainjinia wawili walioanzisha Digital Equipment, kampuni ya kompyuta, na hao jamaa wakapanga chumba kwenye kiwanda cha zamani cha kufuma sufi mjini Maynard. Hebu fikiria, kompyuta zinaundwa kwenye jengo lile lile ambalo nguo zimelikimbia. Baadaye kampuni hiyo ikaajiri watu zaidi ya 100,000 duniani, na zile dola 70,000 zikageuka kuwa mamia ya mamilioni. Nataka uone mambo mawili hapo: dili moja ndiyo iliyobeba madili mengine yote ya mfuko, na ilichukua zaidi ya miaka kumi. Sasa linganisha na muhula wa gavana, miaka mitano, na utaelewa mbona mifuko mingi ya serikali inakatika njiani.

Huku kwetu Kwale, Base Titanium ilimaliza kuchimba madini Desemba 2024. Mgodi ule ulikuwa ndio mwajiri mkubwa eneo lile na wenye mafundi umeme, madereva wa mitambo, watu wa maabara. Swali la Boston la 1946 liko mezani kwetu leo: hao mafundi waende wapi, na sisi tuna nini? Tuna nazi, korosho, embe, mwani, samaki, bandari, watalii. Andika orodha yenu kabla hujatafuta hata senti moja, na kila ukiandika kitu jiulize kinatoka hapa kikiwa kibichi au kikiwa kimeongezwa thamani. Mwani unaolimwa na kina mama wa Kibuyuni sehemu kubwa unakaushwa unaondoka na magunia. Embe za Kilifi na Tana River msimu ukifika zinaoza chini ya miti.

Hesabu madili kabla ya hela

Hapa ndipo karibu kila mtu anageuza mambo, anatafuta hela kwanza halafu anaanza kuwinda mtu wa kumpa, na hela ikikaa kwenye akaunti bila kazi presha inapanda, wanasiasa wanauliza mbona hamjatoa, basi inatolewa kwa yeyote anayejua kuandika propozo nzuri. Fanya kinyume. Chukua miezi sita, mtu mmoja au wawili wazunguke Mariakani, Malindi, Hola, Msambweni, Lamu, Voi, wakae na watu ambao TAYARI wanauza kitu. Sio wenye wazo, wenye wateja. Ukitaka kuwekeza kwenye kampuni kumi na mbili, uwe umekaa na mia na zaidi, ukaangalia M-Pesa statement zao, ukaongea na wanaowanunulia.

Na usidanganyike kwamba lazima iwe app. Kusini mashariki mwa Kentucky, milimani kwenye makaa ya mawe na umaskini wa kutisha, kuna shirika linaitwa Kentucky Highlands lililoanzishwa 1968 na makao yake yako mji unaoitwa London (ndio, London ya Kentucky). Moja ya uwekezaji wao wa mwanzo mwanzo ilikuwa kampuni ya kushona mahema kaunti ya McCreary. Mahema! Kitu ambacho mtu wa kule anaweza kujifunza kazi yake kwa wiki chache na soko lake liko nje ya eneo, na hapo kwenye soko ndio pa kuangalia sana, manake biashara inayouzia tu majirani inanyang'anyana shilingi ile ile iliyopo kijijini, ila inayouza Nairobi au Jeddah inaleta shilingi mpya. Kentucky Highlands pia walipokosa wafanyabiashara wa kutosha ndani waliwatafuta nje wakawashawishi wahamie. Msione haya kumfuata mtu wa kwenu anayeendesha kiwanda cha mtu mwingine Athi River ukamwambia rudi nyumbani, tutakuwekea mtaji.

Hesabu ya ukubwa, hapa tulia kidogo

Meneja wa mfuko kwa kawaida analipwa asilimia 2 ya mfuko kila mwaka kuendesha ofisi, na mwisho anachukua kama asilimia 20 ya faida. Mfuko wenyewe unaishi miaka kumi hivi. Sasa tuseme kaunti moja inajitangaza na mfuko wa shilingi milioni 50. Asilimia 2 ni milioni moja kwa mwaka. Hiyo ni mshahara wa nani? Mhasibu, mwanasheria, gari, ukaguzi wa hesabu? Matokeo yake ni ama meneja dhaifu ama gharama zinakula mtaji.

Chukua milioni 500. Kwa mwaka ni milioni 10, bado inabana lakini watu watatu wanaojinyima wanaweza kuifanya. Kwa miaka kumi gharama ni milioni 100, umebaki na 400 ya kuwekeza. Nusu yake, 200, unaifungia kabatini kwa raundi ya pili, manake kampuni ikianza kufanya vizuri inahitaji hela tena na ukikosa atakuja tajiri mwingine akupunguze hisa zako ziwe kama chumvi kwenye mchuzi. Inabaki 200 ya raundi ya kwanza, ukitoa milioni 15 mpaka 20 kwa kila mmoja unapata kampuni kumi hadi kumi na tatu. Kati ya hizo nne tano zitakufa, kadhaa zitachechemea, moja mbili ndizo zitawalipia wengine. Chini ya idadi hiyo unacheza kamari.

Kwa hivyo kaunti moja moja haifai. Uingereza walijaribu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaipa kila region ya England mfuko wake mdogo, na sharti kwamba uwekezaji wa kwanza kwa kampuni moja usizidi pauni 250,000. Mifuko midogo, kiasi kidogo kwa kila kampuni, hakuna nguvu ya kumfuata mshindi akikua, na mapato yakawa hafifu. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina kaunti sita, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Mfuko mmoja wa sita utatosha. Najua kila gavana atataka bango lake, hilo ni la kupigania mapema na kwa maandishi.

Serikali iweke hela, isichague kampuni

Kama utasoma sehemu moja tu soma hii. Weka siasa za Mashariki ya Kati kando dakika mbili manake mfano mzuri kuliko yote uko Israel, na walikosea kwanza. Mwaka 1992 walianzisha mpango wa Inbal, serikali ikasema wawekezaji wekeni, mkipata hasara tutawafidia mpaka asilimia 70. Ukampa mtu bima ya hasara, ana haja gani ya kuhangaika? Mpango ukafifia. Mwaka uliofuata, 1993, wakaja na Yozma, dola milioni 100 za serikali. Milioni 80 zikagawanywa kwenye mifuko kumi ya binafsi, kila mfuko ulipewa kama dola milioni 8, yaani asilimia 40 hivi, na asilimia 60 ilibidi mameneja wenyewe waitafute, na lazima wawe na mshirika wa kigeni anayeijua hii kazi. Halafu utamu: ndani ya miaka mitano wale binafsi walikuwa na haki ya kununua sehemu ya serikali kwa bei ile ile ya mwanzo na riba kidogo. Mifuko minane kati ya kumi ikanunua. Yaani serikali haikuwakinga na hasara, iliwaongezea faida. Mtu anakesha kwa ajili ya faida bana, hakeshi kwa ajili ya fidia.

Huku kwetu itafsiri hivi. Kaunti ikitaka kuanzisha mfuko wa umma lazima ipitie kamati tendaji na bunge la kaunti chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, na kukopa haiwezi bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti, katiba kifungu cha 212. Basi kaunti sita ziweke sehemu yao kama mshirika asiyeendesha, tuseme asilimia 40, na mkataba useme wazi kwamba kamati ya uwekezaji haina diwani, haina waziri wa kaunti, haina mtu wa gavana. Wao wawe na haki ya ripoti kila robo mwaka na haki ya kumfukuza meneja akiiba au akipotea njia, basi. Hela iingie yote kwenye akaunti ya mfuko mapema au iwe na ahadi ya kisheria, manake mkisema "tutatoa kila bajeti" kuna mwaka itakuja barabara au mafuriko na mfuko utakuwa wa kwanza kukatwa. Na wakili wenu awe anajua ubia wenye dhima yenye kikomo (mwekezaji hapotezi zaidi ya alichoweka) na kanuni za mifuko ya vencha za mamlaka ya masoko ya mitaji, asiwe wakili wa mashamba tu.

Ile asilimia 60 itoke wapi

Mifuko ya pensheni Kenya inaruhusiwa kuweka mpaka asilimia 10 ya mali yake kwenye vencha na mitaji binafsi, na nyingi haziko hata karibu na hapo. Wadhamini wake ni waoga na sio kosa lao, ni hela za wazee. Usiende na picha za vijana wenye laptop, nenda na orodha ya zile kampuni mia na jina la meneja.

Sacco zina hela nyingi ila sheria inazibana kwenye uwekezaji wenye hatari, kwa hivyo usizitegemee kwa fungu kubwa, labda kidogo kidogo kutoka nyingi. Ukitaka kuona hela za wafanyakazi zikifanya kazi hii kwa ukubwa angalia Quebec, ambako muungano wa vyama vya wafanyakazi ulianzisha Fonds de solidarité FTQ mwaka 1983 baada ya mdororo mkali, mfanyakazi anaweka akiba ya uzeeni, anapunguziwa kodi, na sheria inataka sehemu kubwa ya hela iwekezwe kwenye kampuni za Quebec. Baadaye wakashuka mpaka mifuko ya mikoa midogo. Huo mpango ulihitaji serikali kusamehe kodi, sio jambo dogo.

Mashirika ya uwekezaji wa maendeleo kama IFC ya Benki ya Dunia, Norfund ya Norway na BII ya Waingereza yapo, ila yanapenda mifuko mikubwa na masharti ya karatasi yanachosha, yafuate mkishakuwa na hela ya wengine. Na diaspora, hasa wa Ghuba: hawa watakuuliza swali moja kabla ya yote, kuna riba? Jibu ni raha, manake vencha kwa asili yake iko karibu sana na mudharaba na musharaka ambazo watu wa Pwani wamezijua tangu enzi za majahazi, mmoja anatoa mtaji mwingine anatoa jasho, faida mnagawana kwa kiwango mlichokubaliana. Mpate sheikh anayejua biashara aupitie mkataba mapema, na msiwekeze kwenye vilivyoharamishwa, itawafungulia milango ambayo benki zimefungiwa.

Meneja akae huku

Sina mengi hapa. Meneja anayeshuka na treni ya SGR asubuhi na kurudi Nairobi jioni hatojua kwamba mtu aliyemuonyesha kiwanda amekodisha mashine za jirani kwa siku moja. Alipwe vizuri, aweke na hela yake mwenyewe hata asilimia 1, na awe ameshawahi kuendesha biashara iliyolipa mishahara.

Usibane mpaka wa eneo sana

Kosa la kizalendo ni kusema kila shilingi ibaki ndani ya kaunti sita. Weka kiwango, asilimia 70 hivi, na hesabu kwa mahali kazi inapofanyika, sio kwa anwani ya posta. Kampuni ikiwa na ofisi ya mauzo Nairobi lakini inanunua nazi za Kaloleni na kuzikamulia Kilifi, hiyo ni yetu. Na ajira msiifanye kuwa sharti la idadi, eti lazima uajiri watu 50 mwaka wa kwanza. Kampuni iliyolazimishwa kuajiri inakufa na wale 50 wanarudi nyumbani. Pimeni, andikeni, tangazeni: imeajiri wangapi, imenunua kiasi gani kwa wakulima, imelipa kodi kiasi gani.

Mpango wa kutoka uandikwe siku ya kuingia

Kitabuni wanakwambia utauza hisa zako kampuni ikiingia soko la hisa. Nairobi walifungua dirisha la kampuni ndogo mwaka 2013 na waliopita humo wanahesabika kwa vidole. Usingoje huko. Njia zinazowezekana ni kuuza kwa kampuni kubwa, mwenyewe kununua hisa zake polepole, au mgao wa mauzo.

Huu wa mwisho nauonyesha kwa hesabu manake unafaa sana biashara za huku. Mkamuaji wa mafuta ya nazi anahitaji milioni 8 za mtambo na matangi. Mfuko unampa, na mkataba unasema atalipa asilimia 5 ya mauzo mpaka mfuko upate mara 1.8, yaani milioni 14.4. Akiuza milioni 40 kwa mwaka analipa milioni 2, atamaliza kama miaka saba. Ukame ukija mauzo yakashuka mpaka milioni 10 analipa laki tano tu, hafungiwi geti na dalali. Na mfuko ubaki na hisa kidogo, asilimia 10 hivi, ili siku mnunuzi mkubwa kutoka Ulaya akigonga mlango nasi tuwemo. Wale wa mambo ya riba waangaliwe hapa, ule mkataba uandikwe kama musharaka unaopungua, yaani mwenye biashara ananunua sehemu ya mfuko kidogo kidogo, na kile kiwango cha 1.8 sheikh akikague kwanza asije akakuta ni mkopo umejificha.

Angalizo la vitabu sasa. Karibu kila mfanyabiashara mzuri utakayempata ana vitabu vibaya, hela ya nyumbani na ya dukani ziko simu moja, alama ya ubora ya KEBS hana, na KRA, watu wa kodi, hataki hata kuitaja. Usimkatae. Tafuta kimfuko cha pembeni cha msaada, hela ya wafadhili isiyorudishwa, imlipie mhasibu mwaka mzima na vipimo vya maabara. Isitoke kwenye mtaji, manake ile asilimia 2 ya meneja haiwezi kubeba huo mzigo.

Mkianza leo, mwaka wa kwanza unaisha kwenye kuzunguka na mikataba, wa pili hadi wa tano mnawekeza, na katika miaka hiyo vitabu vya mfuko vitaonyesha hasara tupu kwa sababu zinazokufa zinawahi kufa na zinazopona zinachelewa kukua. Hiyo ripoti ya mwaka wa tatu ndiyo itakayosomwa bunge la kaunti kwa sauti kubwa. Kwa hivyo wale madiwani waonyesheni huo mchoro wa hasara kabla hawajapiga kura ya kuanzisha, mwaka kwa mwaka, na kila mmoja apewe nakala yake, na mchoro uingie kwenye hansard, kumbukumbu rasmi za bunge.